Ramani ya Gemu Huanzia Miguuni mwa Mchezaji

Kijana anayetengeneza gemu yake ya kwanza ya kuvaa uhusika, zile ambazo mchezaji huwa shujaa, akazunguka vijijini, akazungumza na watu na kupigana na mazimwi, karibu kila mara huanza na ramani kubwa kupita kiasi. Programu ya kutengenezea gemu humuuliza upana na urefu, naye huandika 100 kwa 100, maana dunia aliyonayo kichwani ni pana. Hujaza majani kila mahali, hutawanya miti, huweka nyumba nne katikati. Akijaribu kutembea humo, anahisi kitu kimepwaya asijue ni kipi.

Tupige hesabu. Katika RPG Maker MV, programu iliyotoka mwaka 2015 na inayotumiwa na wengi wanaoanza, ramani hujengwa kwa vigae vya mraba vya pikseli 48 kwa 48. Skrini yake ya kawaida huonyesha vigae 17 kwa 13, yaani 221 kwa mara moja. Ramani ya 100 kwa 100 ina vigae 10,000, ambavyo ni sawa na skrini 45 zisizorudiana, na kila moja inadai sababu ya kuwapo. Kwa mwendo wake wa kawaida mhusika hupita vigae visivyofika vinne kwa sekunde, hivyo kukata ramani hiyo kutoka ukingo hadi ukingo humchukua sekunde zipatazo 27. Zikiandikwa huonekana chache. Bonyeza kitufe kimoja kwa sekunde hizo zote huku ukitazama majani yakipita, ndipo utajua urefu wake.

Linganisha na Pokémon, iliyotoka Japani mwaka 1996 kwa ajili ya Game Boy. Barabara yake ya kwanza, inayounganisha kijiji cha Pallet na mji wa Viridian, ina upana wa hatua 20 na urefu wa hatua 36 tu, na skrini ya mashine ile ilionyesha hatua 10 kwa 9. Ukipanga skrini nane, barabara yote imeisha. Lakini angalia kilichomo. Ukipanda kuelekea mjini, majani marefu wanamojificha viumbe yamekatiza njia yako, nawe unalazimika kuingia humo na kupigana. Kuna pia kingo fupi za ardhi ambazo mhusika anaweza kuziruka akishuka, lakini hawezi kuzipanda. Unafika mjini, unaingia dukani, unakabidhiwa kifurushi cha Profesa Oak wa kijijini kwenu na kutakiwa ukipeleke kule kule ulikotoka. Unashuka, unaruka ukingo mmoja baada ya mwingine, majani karibu yote unayakwepa, na mara uko nyumbani. Barabara ni ile ile, ila imekupa safari mbili: moja ya mashaka na moja ya wepesi. Kwa kuruka kwako mwenyewe umejifunza kwamba nchi hii ina njia za kwenda na njia za kurudi.

Hicho ndicho ningependa kila anayeanza akione kabla hajagusa kigae hata kimoja. Ramani ya gemu ni mpango wa mwendo, na uzuri wa picha hufuata baadaye. Chukua karatasi. Weka alama anapoingia mchezaji, kisha anapotokea, kisha kile anachokitaka humo ndani na kile kinachomzuia asikifikie moja kwa moja. Unganisha kwa mistari. Halafu jiulize atarudi vipi, kwa sababu wengi husahau kabisa kwamba mchezaji hurudi. Katika Dark Souls ya mwaka 2011 kuna lifti inayokushusha kutoka kanisa la juu hadi Firelink, mahali pa mapumziko ulipoanzia kupanda. Baada ya mapambano marefu ya kupanda, unagundua kwamba nyumbani palikuwa chini yako muda wote. Watu waliocheza gemu ile huikumbuka lifti hiyo kuliko maadui wengi waliowaua.

Mistari ikishakaa sawa, lifuatalo ni jicho: mchezaji anaona nini, na anakiona lini? Mwalimu mzuri hapa ni mzee, Dragon Quest ya mwaka 1986, iliyobuniwa na Yuji Horii. Gemu nzima ilienea katika kilobaiti 64, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya maelezo marefu. Horii anakuanzishia ndani ya chumba cha mfalme chenye mlango uliofungwa, na ufunguo umo ndani ya sanduku humo humo. Huwezi kutoka kabla hujajifunza kufungua sanduku na kutumia ufunguo. Ukishatoka nje ya ngome na kutazama ng'ambo ya maji, unaiona ngome ya adui mkuu. Iko karibu kabisa, lakini huna njia ya kuvuka, na itakubidi uzunguke nchi nzima ndipo uifikie. Saa zote utakazocheza zimepata maana kwa sababu ya vigae vichache vilivyowekwa mahali pake. Madaraja nayo yana kazi: ukivuka, maadui huwa wakali zaidi, hivyo mchezaji hujifunza kulisoma daraja kama onyo.

Mwaka 1960 Kevin Lynch, Mmarekani mtaalamu wa mipango miji, alichapisha kitabu kuhusu jinsi watu wanavyoishika miji akilini, baada ya kuchunguza Boston, Jersey City na Los Angeles. Aliona kwamba watu hujenga kumbukumbu yao juu ya mambo matano: njia, mipaka, mitaa yenye sura yake, makutano, na alama zinazoonekana kwa mbali. Hakuwa akizungumzia gemu, lakini sijui orodha inayomfaa zaidi anayechora mji wa vigae.

Anayetaka kuiona ikifanya kazi aende Mji Mkongwe wa Zanzibar. Eneo lenyewe si kubwa, ila vichochoro vimepinda, na kwa kuwa huoni kilichopo baada ya kona, mji unajihisi mpana kuliko ulivyo. Hapo ndipo anayeogopa kupunguza ramani yake atapata jibu. Upande wa bahari mpaka ni Forodhani, na Ngome Kongwe imesimama pale pale. Minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu huchomoza juu ya mapaa. Upande wa pili kuna soko la Darajani, kwenye mstari ambapo zamani mkono wa bahari uliutenga mji na mitaa ya Ng'ambo. Vichochoro kadhaa hukutana Jaws Corner, na watu huketi hapo kunywa kahawa na kubishana siasa. Na nje ya nyumba kuna baraza! Anayeanza husumbuka aweke wapi watu wa kumpa shujaa habari, na mara nyingi huwasimamisha katikati ya uwanja kama nguzo. Mzee aliyekaa barazani ana sababu ya kuwapo, na kichochoro chenyewe kinamleta mchezaji mbele yake.

Kuna mambo madogo ya mkono ambayo hayahitaji maneno mengi. Katika mtazamo wa kawaida wa gemu hizi ukuta wa nyumba huonekana kwa mbele tu, kwa hiyo mlango ukae upande wa nyumba unaoelekea chini ya skrini, la sivyo mchezaji hatauona. Ziwa lisiwe mstatili. Mti ukizuia njia mahali pamoja, mti wa aina hiyo uzuie kila mahali, kwani mchezaji akidanganywa mara moja ataanza kupapasa kila kigae. Utasikia pia ushauri wa kujaza kila pengo kwa maua, mawe na mapipa. Mimi siukubali. Pambo likiwa kila mahali, njia hupotea, na sanduku ulilotaka lionekane humezwa na takataka. Acha uwazi karibu na kitu muhimu, pambo uliweke pembeni.

Kisha mpe mtu mwingine acheze, wewe ukae nyuma yake, kimya. Kimya ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu utatamani kumwambia "pita kulia." Usimwambie. Andika aliposimama, alipogeuka bila kuelekezwa, alipojaribu kupita ukuta akidhani ni mlango. Ukirudi kwenye kompyuta utashawishika kuongeza kibao chenye mshale au mtu wa kumwelekeza. Jaribu kwanza kusogeza kitu: lete mlango vigae vitatu karibu na njia, ondoa mti unaoficha daraja, pindisha barabara ili mnara uingie kwenye skrini mapema. Halafu tafuta mtu mwingine ambaye hajaiona, maana yule wa kwanza tayari anaijua njia.