Mkoa Ulipomegwa, Mafaili Yalikwenda Wapi?

Machi 2012 Tanzania ilipata mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Kwa upande wa Simiyu, Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Magu mkoani Mwanza, na Itilima ikakatwa kutoka Bariadi. Ofisi zikafunguliwa, viongozi wakaapishwa, ramani zikachorwa upya. Karatasi hazikuzungumzwa sana.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1985 katika wilaya ya Bariadi, kwenye shule ambayo leo iko Itilima. Hajahama hata nyumba, lakini wilaya yake imebadilika na mkoa wake pia. Hata mfuko wake wa pensheni umebadilika, kwa kuwa PSSSF ilianza 2018 baada ya kuunganishwa kwa mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Akifikisha miaka 60 ataulizwa barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za kupandishwa madaraja. Kama moja ilisahaulika kwenye kabati la ofisi ya zamani, mstaafu ndiye atakayepanda basi kwenda kuitafuta.

Hapo ndipo mkakati wa kutunza kumbukumbu unapoanzia. Taasisi nyingi zikisikia neno hilo hukimbilia kununua skana na kompyuta. Ununuzi huo una wakati wake, lakini kuna maswali yanayoutangulia: ofisi inazalisha kumbukumbu gani, nani anawajibika nazo, zikae muda gani, na ofisi ikigawanyika zinamfuata nani?

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 imeshajibu sehemu ya maswali hayo. Inamkabidhi mkuu wa kila taasisi ya umma jukumu la kumbukumbu zake. Haimruhusu mtu kuziteketeza kwa uamuzi wake mwenyewe. Lazima kibali kipatikane kutoka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Tena haibagui kati ya karatasi na aina nyingine ya taarifa. Maelekezo ya kazi yaliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp ni kumbukumbu za ofisi kama barua yenye mhuri, ingawa ni ofisi chache zinazoyachapa au kuyahifadhi kabla simu ya mhusika haijaibiwa.

Mtu akiingia masijala iliyopangwa vizuri ataielewa kazi hii haraka. Kila barua inayoingia hugongwa mhuri wa tarehe, husajiliwa, kisha hufungwa kwenye jalada lake na kupewa namba ya folio. Afisa anaandika dokezo akirejea folio hiyo, na jalada linapotoka masijala, inaandikwa limekwenda kwa nani. Folio ya 14 ikinyofolewa, pengo linaonekana papo hapo kati ya 13 na 15. Utaratibu huu wa kizamani una akili nyingi, na mfumo wowote wa kompyuta usioonesha pengo kama hilo ni hatua ya kurudi nyuma.

Ugumu wa Simiyu ni kwamba mipaka yake imehama mara nyingi. Kabla ya Uhuru, eneo la Bariadi lilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa, makao yakiwa Mwanza. Baadaye Shinyanga ikawa mkoa, na Bariadi ikawa wilaya. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha mgogoro wa ardhi huko hana budi kufuata nyayo za utawala: Bariadi, Maswa, Shinyanga, hadi kwenye nyaraka za zamani zilizohifadhiwa Mwanza na Dar es Salaam. Wataalamu wa nyaraka wana kanuni kwamba mafaili ya ofisi moja yasichanganywe na ya nyingine, hata kama yanahusu jambo lilelile. Anayeufahamu mfululizo wa ofisi zilizotawala eneo atajua pa kuanzia.

Utunzaji makini unahitajika hata ngazi ya chini kabisa. Katika kata za vijijini, mihtasari ya mikutano ya kijiji mara nyingi huandikwa kwenye daftari la kawaida. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kijiji kinachotoa hati za haki miliki ya kimila kinapaswa kuwa na masijala yake ya ardhi. Mtendaji akihamishwa akaondoka na daftari, au mchwa wakaliwahi, familia mbili zinazogombea mpaka zinabaki na ushahidi wa mdomo tu.

Kuteketeza nako kuna hatari zake. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iliteketeza kadi za kuwasili za wahamiaji waliotoka Karibi miongo kadhaa kabla. Kufikia 2018 ilibainika kwamba watu waliozeekea nchini humo wameshindwa kuthibitisha haki yao ya kuishi huko, na baadhi yao walikuwa wamefukuzwa. Waliopanga uteketezaji hawakumuuliza yule ambaye siku moja angeihitaji kadi. Ndiyo maana jedwali la muda wa kutunza kumbukumbu haliwezi kuachiwa mtunza masijala peke yake. Mhasibu, afisa utumishi na mwanasheria lazima wakae meza moja, maana kila mmoja anajua faili gani litaulizwa baada ya miaka 30.

Kwa upande mwingine, kutunza kila kitu nako ni kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki taarifa za mtu zikae kuliko zinavyohitajika, na masijala iliyojaa nakala za mialiko ya semina humchelewesha anayetafuta barua ya ajira.

Halmashauri itakayogawanywa kesho inaweza kujiandaa leo kwa gharama ndogo: orodha ya majalada yote, iliyosainiwa na anayekabidhi na anayepokea, nakala moja ikienda Idara ya Nyaraka. Majalada ya watumishi yahame na watumishi. Ya miradi yaende na miradi. Yanayohusu pande zote mbili yabaki kwenye ofisi iliyoyafungua, na upande wa pili upewe nakala zilizothibitishwa. Nywila za mifumo ya kompyuta nazo ziorodheshwe siku ya makabidhiano.