Mac ya Mtumba na Programu za Bure za Upau wa Menyu

Anayenunua MacBook Air ya 2017 iliyokwisha tumika anapata mashine nzuri yenye mlango uliofungwa: macOS Monterey, ya 2021, ndiyo ya mwisho ambayo Apple inamruhusu kuweka. Kuburuta dirisha hadi ukingoni likae nusu ya skrini, jambo lililoingia na macOS Sequoia mwaka 2024, hatalipata. Orodha ya vitu alivyonakili, iliyokuja na Tahoe mwaka 2025, vilevile. Lakini yote mawili yalikuwapo bure miaka mingi kabla Apple haijayachukua, na yanakaa kwenye upau wa menyu, ule ukanda mwembamba wa juu kabisa wenye saa na betri.

Hata saa yenyewe ilifika hapo kwa njia hiyohiyo. Steve Christensen aliandika SuperClock, programu ya bure ya kuonyesha saa kwenye upau. Apple ilipotoa System 7.5 mwaka 1994, saa hiyo ikawa sehemu ya mfumo. f.lux, programu nyingine ya bure, nayo ilipunguza mwanga wa buluu usiku mpaka Apple ilipoleta Night Shift kwenye Mac mwaka 2017. Mwenye Monterey tayari anayo Night Shift, kwa hiyo f.lux haimhusu tena.

Kwa madirisha, weka Rectangle. Bonyeza Control, Option na mshale wa kushoto, dirisha linakwenda nusu ya kushoto. Mshale wa kulia, nusu ya kulia. Mhasibu anayenakili tarakimu kutoka PDF kwenda jedwali ataona faida siku hiyohiyo. Itaomba ruhusa ya kuzidhibiti programu nyingine, ombi ambalo kwa kawaida ningelikataa. Hapa nalikubali kwa sababu bila ruhusa hiyo haiwezi kusogeza dirisha lolote, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua.

Kwa vitu unavyonakili kuna Maccy, nayo ndiyo inayohitaji tahadhari. Inahifadhi maandishi unayonakili, nawe unayaita tena kwa Shift, Command na C. Toleo la 2 linadai macOS Sonoma, kwa hiyo mwenye Monterey atafute toleo la awali kwenye ukurasa wake wa GitHub. Programu nyingi za kutunza nywila huziwekea nywila alama ya siri, na Maccy huiheshimu. Nywila uliyoiandika kwenye faili la Word haina alama yoyote. Ukiinakili, itabaki kwenye orodha, na atakayekalia kiti chako ataiona. Kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu watatu, mimi nisingeiweka kabisa.

Stats inaonyesha jinsi prosesa, kumbukumbu na mtandao vinavyofanya kazi. Kwenye mashine ya GB 8 itakuambia upesi nani anayekula kumbukumbu, na mara nyingi ni kivinjari chenye tabo arobaini. Ila nayo inakula: zima sehemu za vihisi na Bluetooth, ambazo mwandishi wake mwenyewe anazitaja kuwa ndizo nzito zaidi. Na anayeogopa Mac kulala katikati ya kupakua faili kubwa aweke KeepingYouAwake, kikombe kidogo unachokibofya mara moja na kukisahau.

Aikoni zikizidi kwenye upau, shika Command uziburute kuzipanga upya. MacBook Air ya 2017 haina ule mkato wa kamera katikati ya skrini, ambao kwenye MacBook Pro tangu 2021 humeza aikoni zilizojaa bila kutoa taarifa.

Kuna mbinu moja isiyohitaji kupakua chochote. Shika Option kisha ubofye aikoni ya Wi-Fi: itatokea nguvu ya mawimbi, iitwayo RSSI, kwa namba hasi. Karibu na -50 ni safi. Ukiona -80, sogea karibu na ruta kabla hujampigia simu anayekuuzia intaneti.