Mlipe Sensei kwa Kipindi, Si kwa Vichwa

Klabu nyingi za karate huanza na mtu mmoja mwenye mkanda mweusi, ukumbi wa kukodi na wanafunzi wachache. Wakiongezeka, mwenye klabu hutafuta mwalimu wa kumsaidia, na hapo ndipo suala la malipo linapozuka. Jibu linalopendwa ni kulipa kwa kichwa: kila mwanafunzi akilipa ada, mwalimu anapata fungu lake. Linaonekana la haki, lakini silo.

Tuchukue mfano wa klabu ya Dar es Salaam yenye wanafunzi 30, kila mmoja akilipa Sh40,000 kwa mwezi. Makusanyo ni Sh1,200,000. Kodi ya ukumbi, umeme na usafi vinakula Sh450,000. Mwalimu akipewa Sh15,000 kwa kichwa, anaondoka na Sh450,000. Desemba shule zinafungwa, watoto wanapelekwa kwa bibi zao, wanabaki 12. Mwalimu sasa anapata Sh180,000, ingawa amepanda daladala zile zile na kufundisha vipindi vile vile. Hasara ya msimu ni ya mwenye biashara, lakini ameibeba mwajiriwa.

Ni afadhali kulipa kila kipindi bei moja, wawe 30 au 12. Kwa Sh20,000, vipindi 24 vya mwezi vinampa Sh480,000. Wanafunzi wakizidi 30, mwongeze sehemu ya ada za waliozidi, maana huenda ni ufundishaji wake uliowaleta. Mwenye klabu anabaki na Sh270,000 katika mwezi mzuri, na sehemu ya fedha hiyo lazima iwekwe akiba kwa ajili ya Desemba. Asiyeweza kuweka akiba akubaliane mapema na mwalimu kupunguza vipindi, si kumkata siku ya malipo.

Sasa tazama saa. Vipindi 24 vya saa moja na nusu ni saa 36. Lakini mwalimu ndiye anayefungua ukumbi, kutandika mikeka, na kukaa na mtoto wa mwisho mpaka mzazi afike. Kwa siku 12 za mazoezi, saa moja ya namna hiyo kila siku inafikisha saa 48. Bei ya kipindi ipangwe ukijua hilo.

Saa hizo zina uzito kisheria pia. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kumwita “sensei wa kujitolea” hakuondoi wajibu wa NSSF, wala wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa mtu ambaye goti lake linaweza kuteguka kwenye kumite jioni yoyote, mfuko huo si anasa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni mitihani ya mikanda. Ziko klabu zinazomlipa mwalimu asilimia ya ada ya mtihani, au kwa kila anayefaulu. Matokeo yake ni mtoto wa mkanda wa kahawia ambaye hajui kusimama sawasawa, na mzazi anayeamini mwanawe anaweza kujilinda. Mwalimu naye hana lawama kubwa. Kodi ya nyumba yake imefungwa kwenye mkanda wa mtoto huyo. Siku ya mtihani mlipe posho moja isiyobadilika, hata wote wakifeli.

Na yule kijana wa mkanda mweusi anayefundisha watoto “kwa kuwa ni mwanafunzi wetu”? Akishika darasa peke yake, alipwe.

Kabla ya kipindi cha kwanza, andikeni kwenye karatasi moja bei ya kipindi, tarehe ya malipo, nini kitafanyika akiumia, na notisi ya kuachana. Wote wawili mtie saini, kila mmoja abaki na nakala yake.