Bingwa wa gofu haokotwi njiani

Wiki hii nimepokea barua kutoka Mikumi, wilayani Kilosa. Imeandikwa kwa niaba ya bibi mmoja anayeuza mboga jirani na kituo cha mabasi, pale yanaposimama mabasi yaendayo Iringa na Mbeya. Jina lake nalihifadhi, na la mtoto nalihifadhi zaidi. Bibi huyo anamlea mjukuu wake wa kike wa darasa la sita. Mtoto aliona mchezo wa gofu kwenye televisheni, na tangu siku hiyo amechonga fimbo ya mpera na kutwa anapiga malimau mabichi nyuma ya nyumba. Akatokea msafiri mmoja, akasimama kumtazama, akasema mtoto ana kipaji. Akamwomba bibi ampe mtoto huyo ampeleke Dar es Salaam, akamfanye mchezaji wa gofu ya kulipwa.

"Mwanangu mtangazaji," anauliza bibi, "kupiga mpira kwa fimbo nayo ni kazi ya mwanamke? Na kama ni kazi, ndiyo huanza hivi?"

Maswali ni mawili na kila moja lina jibu lake. Kwa la kwanza jibu ni ndiyo, ni kazi. Kwa la pili jibu ni la hasha, haianzi hivyo. Naomba nieleze yote mawili kwa utaratibu, maana naamini bibi wa Mikumi si peke yake aliyefikiwa na msafiri wa namna hiyo.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwaka 1950, huko Marekani, wanawake 13 walianzisha chama chao cha gofu ya kulipwa, kijulikanacho kwa kifupi LPGA. Chama hicho kipo hadi leo. Ulaya nayo ilifuata mwaka 1978, na Afrika Kusini ina mzunguko wake wa mashindano ya wanawake wa kulipwa tangu mwaka 2014. Mwanamke huingia uwanjani, hucheza siku 3 au 4, na akimaliza katika nafasi nzuri hulipwa fedha taslimu. Ni ajira kama ajira nyingine.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba wanawake walikaribishwa kwa matarumbeta. Klabu kongwe ya St Andrews, kule Scotland, ilipiga kura ya kuwakubali wanachama wanawake mwaka 2014 tu, baada ya miaka 260. Klabu ya Muirfield, huko huko Scotland, ilikubali mwaka 2017. Na tazama mambo yalivyo: mwezi Agosti mwaka 2022, mashindano makubwa ya wazi ya wanawake ya Uingereza yalichezwa Muirfield kwa mara ya kwanza, na aliyetwaa kombe ni Mwafrika, Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini. Alilipata baada ya kurudia shimo la mwisho mara 4, giza likiwa linaingia. Kwa hiyo bibi asitiwe shaka na swali la mwanamke. Swali hilo limekwisha kujibiwa uwanjani.

Sasa tuje kwenye njia. Hapa ndipo penye ubishi kati yangu na yule msafiri.

Gofu ni mchezo wa hesabu. Uwanja kamili una mashimo 18. Kila shimo lina upana wa milimita 108, yaani kama mdomo wa kikombe kikubwa cha chai, na liko mbali na mchezaji kwa mita 100 na ushei hadi 500 hivi. Mchezaji anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14, na kila moja ina kazi yake. Anayetumia mikwaju michache zaidi ndiye mshindi. Katika viwanja vingi mchezaji hodari hutarajiwa kumaliza mashimo yote 18 kwa mikwaju 72.

Mchezaji anapoanza, hafiki huko hata kidogo. Anaweza kupiga mikwaju 120. Kwa sababu hiyo upo utaratibu uitwao hendikapu. Hii ni namba anayopewa kila mchezaji wa ridhaa kueleza kiwango chake. Kwa anayeanza namba hiyo inaweza kufika 54, na jinsi anavyoboreka ndivyo inavyoshuka. Tangu mwaka 2020 utaratibu huu umeunganishwa kwa dunia nzima, hivyo namba ya mchezaji wa Moshi inasomeka vile vile Nairobi au London. Namba hiyo haipatikani kwa maneno. Hutokana na kadi za matokeo zilizojazwa na kutiwa sahihi na mtu mwingine aliyecheza naye, zikaingizwa kwenye kumbukumbu za klabu. Anayefikiria kucheza kwa kulipwa hana budi kuishusha hadi ikaribie sifuri, au kupita hapo.

Ngazi inayofuata ni mashindano ya ridhaa. Hapa mchezaji hushinda makombe na zawadi, lakini si mshahara. Kanuni za dunia za mwaka 2022 zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kupokea zawadi isiyozidi thamani ya pauni 700 za Uingereza. Akizidisha hapo, au akianza kufundisha gofu kwa malipo, huhesabiwa amevuka mto. Ndiyo maana wenye busara hawavuki mapema.

Ngazi ya mwisho ni kulipwa kwenyewe, nako kuna njia mbili. Ya kwanza ni ualimu: mchezaji anasomea kazi ya kufundisha, anaajiriwa na klabu au anafungua darasa lake. Ya pili ni kucheza. Anayetaka kucheza Ulaya au Marekani hulipa ada na kuingia mashindano ya mchujo, ambako wengi huingia na wachache hupata kadi ya kushiriki msimu mzima. Na hata akipata kadi, mambo si mteremko. Katika mashindano ya siku 4, baada ya siku 2 walio nyuma hukatwa na kurudi nyumbani bila senti, ingawa tiketi ya ndege, hoteli na mbeba mikoba wamelipia wenyewe. Mchezaji huyu halipwi kwa kuhudhuria, hulipwa kwa kufika mwisho.

Hebu tuangalie waliopita njia hiyo karibu na sisi. Kenya, Rose Naliaka alicheza gofu ya ridhaa hadi kileleni, kisha akawa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kucheza kwa kulipwa. Hakuishia hapo. Alianzisha shule ya gofu kwa ajili ya wasichana, na miongoni mwa waliolelewa humo ni Naomi Wafula, ambaye naye aliingia gofu ya kulipwa. Uganda, Flavia Namakula aliichezea nchi yake kama mchezaji wa ridhaa kabla ya kuwa mwanamke wa kwanza wa huko kwenda kwenye kulipwa. Hapa kwetu, Madina Iddi wa Arusha amebeba bendera ya Tanzania katika gofu ya ridhaa kwa miaka mingi na kushinda mashindano ya wazi ya wanawake ndani na nje ya nchi. Wote hao walijulikana kwanza kwenye kadi za klabu na mashindano ya ridhaa.

Wapo pia waliokuja kushindana pwani yetu. Tangu mwaka 2019, Vipingo, kaunti ya Kilifi, imekuwa mwenyeji wa mashindano ya mzunguko wa Ulaya. Mwaka 2023 alishinda Aditi Ashok wa India, kwa tofauti ya mikwaju 9. Binti huyo alianza kushika fimbo akiwa na miaka 5, na alipomaliza wa 4 katika Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021, aliyembebea mikoba uwanjani alikuwa mama yake mzazi. Mwaka 2024 alishinda Shannon Tan wa Singapore, mwenye umri wa miaka 19, aliyekuwa amepita mchujo miezi michache tu nyuma. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi na mchezaji wa chuo kikuu Marekani. Nayataja haya kwa makusudi: mmoja alikuwa na mama yake, mwingine alikuwa na shule yake. Hakuna aliyekabidhiwa kwa mtu asiyejulikana.

Nitakuwa nimeficha ukweli nisiposema kwamba msichana wa Kilosa ana vikwazo vyake. Kikwazo cha kwanza ni ardhi. Kiwanja cha mpira wa miguu hakifiki ekari 2, na kila kata inacho, hata kama magoli ni ya miti. Uwanja wa gofu wa mashimo 18 hutaka zaidi ya ekari 100, pamoja na maji ya kumwagilia na watu wa kukata majani kila siku. Katika wilaya inayolima mahindi, mpunga na mkonge, na ambako wakulima na wafugaji wamekwisha kugombania ardhi, nani atatenga ekari 100 za kupigia mpira mdogo?

Kikwazo cha pili ni mlango. Wanaume wengi wa gofu ya kulipwa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mikoba ya wachezaji, kazi ambayo wenyewe huiita ukedi. Kijana maskini huingia uwanjani kama kibarua, hutazama wakubwa wanavyopiga, jioni huazima fimbo, na baada ya miaka kadhaa anawashinda waliomwajiri. Mlango huo umekuwa wa wavulana. Mzazi wa Kiswahili hamruhusu binti yake kushinda porini na wanaume wageni akiwabebea mizigo, nami simlaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa kike hana budi kuingia kwa mlango wa mbele, na mlango wa mbele una ada. Ndiyo maana shule kama ile ya Rose Naliaka ina thamani: imefungua mlango wa tatu.

Sasa bibi afanye nini? Gofu iliyo jirani naye haiko Dar es Salaam. Iko Morogoro mjini, katika klabu ya Gymkhana, mwendo wa kilometa 120 hivi kutoka Mikumi kwa barabara inayokatiza hifadhi ya wanyama. Kwa aliyeko Kilosa mjini, tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme inayopita hapo kwenda Morogoro. Uwanja huo hauko pembeni ya mambo. Mwaka 2024 ulipokea mashindano ya mfululizo ya Lina PG Tour, yaliyoanzishwa kumkumbuka marehemu Lina Nkya, mchezaji na kiongozi wa gofu ya wanawake nchini. Aidha wapo viongozi wa Chama cha Gofu cha Wanawake Tanzania, TLGU. Hao ndio wa kuulizwa kama kuna mafunzo ya watoto, lini, na kwa gharama gani. Kuuliza ni bure.

Kwa kuanzia mtoto hahitaji fimbo 14. Fimbo 4 au 5 zilizotumika, zilizokatwa kulingana na kimo chake, zinamtosha. Wakati wa likizo aende Morogoro akiwa na ndugu yake, ajaribu mbele ya mwalimu. Mwalimu huyo ndiye atakayesema kama malimau yale yalikuwa mchezo tu au kuna jambo. Na shule asiache. Mchezaji huyu huishi kwa kusoma kanuni, kujaza kadi, kuandika barua kwa wadhamini na kusafiri nchi za watu. Asiyejua kusoma ataibiwa hata akishinda.

Na msafiri yule? Sisemi ni mwovu, simjui. Nasema tu kwamba njia niliyoieleza ina alama kila hatua: klabu yenye anwani, mwalimu anayejulikana, kadi zenye sahihi, namba ya hendikapu na jina kwenye orodha ya mashindano. Bibi amwulize mambo hayo moja baada ya jingine. Mtoto anafundishwa klabu gani? Mwalimu ni nani? Atasoma shule ipi, na atalala kwa nani? Kama majibu yapo, twende kwa afisa ustawi wa jamii pale wilayani Kilosa, tuyaandike mbele yake. Mwenye nia njema hataona tabu. Kama majibu hayapo, mtoto asipande basi. Wasichana wangapi wa mkoa huu wameondoka kwa ahadi ya masomo wakaishia kufua na kulea watoto wa watu mjini bila mshahara? Nchi hii ina sheria ya mwaka 2008 inayozuia usafirishaji haramu wa binadamu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hazikutungwa kwa ajili ya mapambo.

Bibi, kwa leo mjibu mgeni wako kwa adabu kwamba mtoto bado anasoma. Mwache mjukuu aendelee na malimau yake. Likizo ikifika, mtoe mwende Morogoro pamoja naye, mkatazame wenyewe.