Mwarobaini: Dawa na Mpaka Wake

Miongoni mwa neema alizotuoteshea Mwenyezi Mungu karibu na nyumba zetu ni mti wa mwarobaini. Kwao ni Bara Hindi, na huko huitwa nim. Waganga wa Ayurveda, yaani utabibu wa kale wa Wahindi, wameutumia kwa karne nyingi: majani kwa homa na maradhi ya ngozi, kijiti kwa kusugulia meno, na mafuta ya kokwa kwa upele na chawa. Ulipofika pwani yetu, watu waliuita mwarobaini kwa kuamini ya kuwa huponya maradhi arobaini. Na mahujaji wameuona hata Arafa, ambako ulipandwa kwa maelfu uwape kivuli.

Wala elimu ya leo haiudharau. Mwaka 1942 Salimuzzaman Siddiqui, mwanakemia Mwislamu wa Bara Hindi, alitoa viini vichungu katika mafuta yake, na kimoja akakiita nimbini.

Lakini sifa za dawa si ruhusa ya kila jambo. Mambo matatu twayasisitiza. Kwanza, mtoto mchanga asinyweshwe kamwe mafuta ya mwarobaini: huko India na Malaysia watoto walionyweshwa walipatwa na matapishi, usingizi mzito na degedege, na wengine walikufa. Pili, mja mzito asiunywe, kwani wahofiwa kuharibu mimba. Tatu, mwenye homa asitosheke na majani ya kuchemsha. Yapasa apimwe damu siku ile ile, na ikionekana malaria apewe dawa ya hospitali; malaria kali huweza kumwua mtoto kabla siku mbili hazijatimia.

Huenda mtu akasema: "Wazee wetu waliunywa wakapona." Twamjibu: waliopona ndio waliosimulia, waliokufa hawakupata nafasi hiyo.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta dawa, na pia ametufundisha ya kuwa atibuye watu hali hajui utabibu hubeba dhima ya madhara yake. Basi na tuupande mwarobaini, tupumzike kivulini mwake, na majani yake makavu tuyatie ghalani kufukuza wadudu wa nafaka. Ama roho ya mtoto ni amana, na amana haichezewi kwa kubahatisha.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya na busara. Amin.