Je, Wajua? Balozi wa meza ya Arusha aliyeingia kwenye tanzanaiti

Je, wajua kwamba katika mazungumzo ya kumaliza vita vya Rwanda, Mtanzania aliyeketi mezani kati ya mahasimu alikuwa Balozi Ami Mpungwe? Alikuwa mkurugenzi Wizara ya Mambo ya Nje, akimwakilisha Rais Ali Hassan Mwinyi, msuluhishi. Mazungumzo yalianza Julai 1992 jijini Arusha, chini ya Mlima Meru, na yakachukua zaidi ya mwaka.

Gumu kupita yote lilikuwa jeshi. Kila upande ulijua kwamba asiye na askari hana dhamana ya uhai wake. Mwishowe walikubaliana: askari 60 katika kila 100 watoke serikalini, 40 watoke kwa waasi wa RPF, na maofisa wawe nusu kwa nusu. Agosti 4, 1993, Rais wa Rwanda Juvénal Habyarimana na Alexis Kanyarengwe wa RPF wakatia saini mkataba wa amani. Miezi minane baadaye, Habyarimana akirejea Kigali kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ndege yake ikatunguliwa. Mauaji ya kimbari yakaanza.

Wengi husema mkataba ule ulikufa usiku huo. Hapana. Mwaka 1995 Rwanda iliuingiza katika sheria yake ya msingi, na ukadumu humo mpaka katiba ya 2003. Hili halisemwi vya kutosha, nami naona ni haki ya waliokesha wakiuandika lisemwe. Watuhumiwa wa mauaji yale nao waliletwa Arusha: mahakama ya Umoja wa Mataifa ilikaa katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC hadi ilipofungwa Desemba 31, 2015.

Mpungwe mwenyewe alikuwa balozi wa kwanza wa Tanzania nchini Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Mwaka 1999 alistaafu mapema, akaingia kwenye biashara. Akawa katika bodi ya TanzaniteOne, kampuni iliyochimba tanzanaiti Kitalu C, Mererani, huku wachimbaji wadogo, wale wanaapolo, wakishuka mashimo ya vitalu jirani. Madini hayo yaligunduliwa 1967, na hadi leo hayachimbwi kwingine duniani. Upande wa kilimo, aliongoza bodi ya kiwanda cha sukari cha Kilombero, ambacho mwenye hisa nyingi alikuwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini, nchi aliyotoka kuitumikia.