Je, Wajua? Fisi Maji Wengi, Jeni Chache

Je, wajua kwamba fisi maji wa baharini ana manyoya mazito kuliko mnyama mwingine yeyote? Sentimita moja ya mraba ya ngozi yake huweza kuwa na nywele zipatazo 150,000. Hana tabaka nene la mafuta kama nyangumi, hivyo manyoya hayo ndiyo kinga yake katika maji baridi ya Pasifiki ya Kaskazini. Manyoya hayo hayo ndiyo yaliyomponza.

Je, wajua yalimponzaje? Msafara wa mvumbuzi Vitus Bering ulipovunjikiwa na meli mwaka 1741, mabaharia walionusurika walirudi Urusi na ngozi zake, na biashara ikawaka moto. Inakadiriwa kwamba kabla ya hapo kulikuwa na fisi maji kati ya 150,000 na 300,000 kutoka Japani hadi Mexico. Mwaka 1911, Marekani, Urusi, Japani na Uingereza zilipotia saini mkataba wa kuwanusuru, walikuwa hawazidi 2,000, katika vikundi 13 vilivyotengana.

Je, wajua kwamba fisi maji wa California, ambao leo ni takriban 3,000, wametokana na kikundi cha wanyama wa kuhesabika, kama 50 hivi, kilichosalia pwani ya Big Sur? Dunia ilipata habari zao mwaka 1938. Wameongezeka, ndiyo, na ni jambo la kufurahia. Lakini jeni ambayo haikuwamo katika wale wachache hairudi kwa kuzaana tu. Mabadiliko mapya ya vinasaba huhitaji maelfu ya vizazi kuziba pengo hilo. Hapa ndipo hesabu ya vichwa inapotudanganya.

Je, wajua hasara hiyo ilipimwaje? Watafiti walichukua mifupa ya fisi maji kutoka majalala ya kale ya wenyeji wa pwani ya jimbo la Washington, mabaki ya milo ya kabla ya biashara ya ngozi. Walitoa DNA humo na kuilinganisha na ya wanyama walio hai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: zaidi ya nusu ya aina za jeni zilizokuwamo kwenye mifupa hazipo tena. Kwangu mimi, hiyo inauma kuliko idadi ya ngozi zilizouzwa.

Je, wajua jeni za aina nyingi zina faida gani? Ugonjwa ukiingia, wapo watakaokufa na wapo watakaohimili. Jeni zikifanana, kinachomwua mmoja kinaweza kuwaua wengi. Pwani ya California hili si la kudhania: kimelea cha toksoplasma hutoka kwenye kinyesi cha paka, husombwa na mvua hadi baharini, huingia kwenye konokono wanaoliwa na fisi maji, na huwaua.

Je, wajua kwamba kuhamisha wanyama kunaweza kusaidia? Kati ya 1965 na 1972, mamia ya fisi maji walichukuliwa kisiwani Amchitka, ambako Marekani ilikuwa ikifanya majaribio ya nyuklia, na kwenye ghuba ya Prince William Sound, wakapelekwa kusini. Walioshushwa kusini-mashariki mwa Alaska na British Columbia walishamiri. Wazao wao wamebeba urithi wa pande zote mbili, na jeni zao ni za aina nyingi zaidi kuliko za makundi mengi yaliyobaki peke yake.

Kuchanganya nako kuna masharti. Uingereza, fisi maji wa mito waliangamizwa na dawa za wadudu kama dieldrini kuanzia miaka ya 1950. Kuanzia 1983, waliozaliwa kizuizini walirudishwa mashariki mwa nchi. Baadaye vinasaba vya fisi maji wa eneo hilo vikaonyesha alama za nasaba ya Asia. Ukoo wa mnyama huchunguzwa kabla hajafunguliwa mlango, si baada ya wajukuu zake kujaa mtoni.

Je, wajua kwamba DNA hupatikana bila kumgusa mnyama? Fisi maji wa mito huacha kinyesi juu ya mawe, mahali pa wazi, kama tangazo la mipaka yake. Ndani yake, kati ya magamba ya samaki, mna chembe za utumbo wa aliyekiacha. Sharti kiokotwe kingali kibichi, asubuhi mapema, kitiwe kwenye spiriti. Jua huharibu DNA haraka. Njia hiyo inafaa hata kwa fisi maji mwenye madoa shingoni wa kisiwa cha Rubondo, Tanzania, na Ziwa Bunyonyi, Uganda.

Je, wajua kwamba kati ya fisi maji wa California na wale wa Washington pana pengo la zaidi ya kilomita 1,000 za pwani? Waliopelekwa Oregon mwaka 1970 na 1971 walitoweka wote ndani ya takriban miaka kumi. Mwaka 2022 idara ya wanyamapori ya serikali kuu ya Marekani ilitoa tathmini kwamba kuwarudisha Oregon na kaskazini mwa California kunawezekana. Wakirudi na kuenea, jamaa wa kusini na wa kaskazini wataweza kukutana na kuzaliana tena.